Mchungwa wa Kitovu Changu

Jumamosi iliyopita nilikwenda stendi hapa Mbeya kupokea kiroba kilichotoka Iringa. Kondakta alikuwa hata hajakishusha vizuri kwenye buti, nikawa nimeshajua ni cha kwangu, maana harufu ilitangulia. Baba hachumi chungwa likiwa tupu. Analikata na kijiti chake na majani mawili matatu, halafu kiroba kikilaliana njiani, majani yanasagika na kutoa harufu kali ya kijani, inayopanda puani na kukaa huko huko. Kondakta akaniuliza, "Dada, humu kuna nini, dawa ya mbu?" Nikamwambia ni mambo ya nyumbani, akacheka akanikabidhi.

Wanangu wanakijua kiroba hicho. Wanajua kwamba ndani yake, pembeni, kuna kimfuko kimefungwa mafundo mawili, na yaliyomo humo hayaliwi. Mgeni asiyejua ndiye huingia kichwakichwa. Nilikaa jikoni nikasaga jani moja kati ya vidole, nikanusa, kisha nikasaga jani la kwenye kile kimfuko, nikanusa tena. Hadi leo nayatofautisha majani hayo mawili nikiwa nimefumba macho. Najivunia hilo, nasema wazi, na sitaki mtu aniambie nijishushe, maana nililipata nikiwa na miaka kumi na hakuna aliyenisaidia.

Tulikuwa tunakaa Kihesa, Iringa mjini. Baba ni Mnyakyusa wa Rungwe, fundi uashi aliyefuata kazi ya kujenga nyumba za watu, akakutana na Mama, Mhehe wa pale pale, akaganda. Ila kichwani Baba hakuwahi kuhama. Alikulia ndani ya kahawa na migomba, na kila kitu cha Iringa alikilinganisha na cha kwao: mvua ya kwao, udongo wa kwao, hata matope ya kwao yalikuwa bora. Na kwao, alivyotueleza, kitovu cha mtoto kikikatika kinazikwa kwenye mgomba, na mgomba ule unakuwa wake. Lakini Kihesa upepo unavuma kama umetumwa, na migomba yote aliyojaribu kupanda ilichanikachanika majani ikadumaa. Kwa hiyo Bibi mzaa baba, alipokuja kumhudumia Mama uzazi wa kwanza, akaamua kwamba mti wowote wa matunda utafaa. Kaka yangu Ambakisye akapata mparachichi. Mimi, miaka mitatu baadaye, nikapata mchungwa, mche wa kununua. Baba aliufuata Ipogolo, kule chini inakopita barabara kuu, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza miche pembeni mwa lami.

Bibi akanipa na jina, Sekela, ambalo kwa Kinyakyusa ni kama kumwambia mtu afurahi. Hapo Bibi alikosea, maana mimi nilizaliwa nimekunja uso. Picha zangu zote za utotoni nimenuna. Sikuwa na huzuni wala hasira, ndiyo sura yangu tu, nilikuwa naangalia vitu. Nani angenielewa? Wageni walikuwa hata hawajaketi wanauliza, "Haya, na huyu nani kamchokoza?"

Mti wangu, kwa jinsi ninavyosimuliwa, ulianza vizuri. Nilipokuwa na miaka minne ulizaa machungwa matatu tu, na Mama anaapa mpaka kesho kwamba yalikuwa matamu. Mwaka uliofuata baridi ya mwezi wa saba ilikuja na ukatili wake, majani yakajikunja, matawi ya juu yakakauka. Baba akauzunguka mti ule akiutazama kwa jicho la mtu wa kahawa. Kwao mkahawa ukichoka haung'olewi. Unakatwa chini kabisa, shubiri moja na kidogo kutoka ardhini, tena kwa mshazari ili maji ya mvua yateleze yasiozeshe kisiki. Kisha unasubiri. Machipukizi yanakuja kwa fujo, unachagua mawili yenye nguvu, mengine unayavunja, na baada ya muda una mkahawa mpya kabisa. Baba alifanya kazi hiyo tangu akiwa mdogo na aliijua vizuri. Basi akachukua msumeno, akaufanyia mchungwa vile vile.

Na ulichipua kweli! Baba akabakiza machipukizi mawili, akawa anawaita majirani waje waone. "Hivi ndivyo sisi watu wa kahawa tunavyofufua mti," alikuwa anasema, huku amejishika kiuno. Mti ukapanda haraka kuliko mwanzo, majani mapana yenye afya, miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Nilipofika darasa la nne ukatoa maua, uwanja wote ukanukia. Baada ya maua yakaja matunda, makubwa, ya rangi nzuri kuliko ya sokoni, na Baba akakataza mtu kuyagusa mpaka yaive sawasawa.

Siku ya kuyaonja alikuwepo Shangazi, dada yake Baba, amekuja kututembelea kutoka Tukuyu. Baba alichuma la kwanza kwa mkono wake, akalimenya mbele ya watu wote, akampa Shangazi kipande kwa heshima ya mgeni. Shangazi akakitia mdomoni. Jicho moja likafumba, halafu la pili. Kisha akatema pale pale uani, akajifuta ulimi kwa upindo wa kitenge chake cha njano. "Gwe! Hiki nini tena?"

Kila mtu akaonja. Lilikuwa kali kama limau, na limau tunalijua, lakini nyuma ya ule ukali kulikuwa na uchungu wa kwinini unaong'ang'ania kooni. Ganda nene, mbegu tele. Hata kuku alikidonoa kile kilichotemwa, akakung'uta mdomo, akaenda zake.

Uso wa Baba ulikuwa umeshuka mpaka unamwonea huruma. Ndipo Shangazi, kwa kutaka kuwachangamsha, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama nimekunja uso kama kawaida yangu, akasema, "Mbona mnahangaika? Mti umemfuata mwenye kitovu!"

Wakacheka wote. Ambakisye alicheka mpaka akakaa chini. Hata Mama alicheka, kaziba mdomo kwa mkono lakini mabega yanamtikisika, nami nilimwona.

Sikuona cha kucheka. Kwa mtoto wa miaka kumi, neno likisemwa na mtu mzima mbele za watu ni kweli tupu. Nikalifikiria peke yangu nyuma ya choo. Kitovu changu kiko pale chini, mizizi inakinyonya. Parachichi la Ambakisye, anayecheka hata akichapwa, ni laini kama siagi na majirani wanakuja na mabakuli kuliomba. Langu linatemwa. Kwa hiyo ndani yangu kuna kitu kichungu, nimezaliwa nacho, na sasa familia nzima imekionja. Niliumia sana. Watu wazima wanapenda kusema mtoto husahau, lakini mimi sijasahau hata maua ya kile kitenge.

Nikaamua kujirekebisha. Nilianza kwa kucheka. Nilimwamkia kila niliyekutana naye njiani, "Kamwene! Shikamoo!" meno yote nje, mpaka jirani mmoja akamuuliza Mama kama mtoto anaumwa jino. Siku zikapita, tunda ni lile lile. Nilikuwa nalionja kila asubuhi kwa siri, nalamba tu na ncha ya ulimi. Nikaona labda kucheka kunachukua muda kufika chini, afadhali niisaidie mizizi. Nikaanza kuchota sukari kwenye kopo, kijiko kimoja kimoja, naikoroga kwenye maji ya uvuguvugu na kuimwaga shinani jioni. Waliokuja kunishukuru ni sisimizi. Walipanga mstari kutoka kwenye mti, wakapita chini ya mlango wa jikoni, wakapanda moja kwa moja mpaka kwenye kopo. Mama akaufuata mstari ule kwa upande wa pili, akanikuta nimechuchumaa na kikombe mkononi.

Alikuwa kashashika fimbo. Aliponiuliza nafanya nini nikamwambia ukweli wote, kuanzia kitovu mpaka kucheka, na fimbo ikamwishia mkononi. "We mtoto we," akasema, akakaa chini kando yangu kwenye udongo. "Yale maneno ya shangazi yako ni utani tu."

"Kama ni utani, mbona tunda ni chungu kweli?"

Mama akasema tu kwamba yale matatu ya mwanzo yalikuwa matamu, yeye aliyala, na hakuna atakayemwambia hakuyala. Nikalishika neno hilo ingawa sikujua la kulifanyia.

Baba yeye alikuwa na jibu lake tayari. Yule mama wa Ipogolo alimuuzia mti feki, basi. Alilisema kazini, alilisema kanisani, alilisema hata kwa watu wasiouliza. Siku moja akajaza matunda sita kwenye kikapu, akanitwika, tukashuka Ipogolo kupeleka ushahidi.

Mama Vumilia, ndivyo alivyoitwa muuza miche, alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia ya sufu, ameketi kwenye kigoda katikati ya makopo na vifuko vya miche. Alikuwa Mhehe, lakini ujanani aliolewa Muheza, kule kwenye machungwa yenyewe, akarudi na ujuzi huo. "Kamwene, Baba," akasema, hata hajainua uso.

"Sikuja kusalimiana," Baba akamjibu, akamwekea tunda mapajani.

Mama Vumilia akalipasua kwa kisu kidogo, akanusa, akagusa kwa ulimi. "Hili danzi. Pwani wanatengenezea achari. Mimi danzi siuzi."

"Limetoka kwenye mche ulioniuzia wewe!"

"Baba, mche wangu hauwezi kuzaa hili."

"Nimeupanda kwa mikono yangu mwenyewe!" Baba sasa alikuwa amesimama wima, na watu waliokuwa wanachagua miche wamegeuka. "Miaka kumi naumwagilia! Unanifundisha miti mimi, mtoto wa Rungwe? Wewe ni tapeli, mama. Tapeli!"

Mama Vumilia hakurudisha tusi. Aliinamisha kichwa, akavuta mche mwingine akaendelea na kazi. Mimi aibu ilikuwa imenijaa, sikutaka kumtazama mtu usoni, nikawa natazama mikono yake. Kila mche pale ulikuwa na uvimbe shinani, juu kidogo ya udongo, kama goti lililowahi kuvunjika, na iliyo michanga ilikuwa imefungwa kinailoni mahali hapo. Juu ya goti lile Mama Vumilia aliacha kila kitu. Chini yake, kila kichipukizi alikinyofoa kwa ukucha na kukitupa, bila hata kutazama. Swali likanitoka.

"Mama, kwa nini hivyo unavitupa?"

Baba akanikata jicho. Lakini Mama Vumilia alinijibu, labda kwa sababu mimi ndiye peke yangu pale nisiyempigia kelele. "Hapa wamo wawili, mwanangu. Wa chini na wa juu. Wa chini ana miguu ya nguvu, ndo mana tunamtumia, ila tunda lake haliliki. Ukimwacha achipue, anammaliza mwenzie wa juu."

"Twende!" Baba akasema.

Tulipanda mlima kurudi mjini kikapu kikiwa kichwani kwangu na Baba akiwa mbele, mgongo umekakamaa. Njia nzima alisema jambo moja tu: Jumamosi ataazima shoka kwa jirani, mti unakatwa na kung'olewa mizizi, na pale patapandwa parachichi za kisasa.

Niliposikia mizizi, nilikishika kikapu kwa mikono miwili. Bibi alikuwa anatuambia kwamba kule kwao mgomba wa kitovu cha mtoto hauachwi ukafa hivi hivi. Unazaa machipukizi, unaendelea. Wangu ungekatwa na kung'olewa kwa sababu ni mchungu, na anayeukata ni baba yangu mzazi. Mtu wa namna hiyo anabaki nani? Sikuwa na wa kumuuliza. Nilikuwa na siku tatu.

Ile Alhamisi sikucheza. Nilitoka shule nikalala kifudifudi chini ya mti, miiba inanichoma nywele, nikawa naangalia tu. Nililiona kovu la msumeno, lile la mshazari, limeota ukungu wa kijani. Hiyo miti miwili minene ambayo Baba aliichagua ilikuwa imetoka chini yake, karibu kabisa na udongo. Nikakumbuka ukucha wa Mama Vumilia. Nikaanza kutafuta goti.

Sikuliona, kwa sababu lilikuwa limekatwa. Lakini Ijumaa nilirudi nikakwangua ukungu kwa kijiti, nikazunguka mpaka upande wa pili ambako mkato ule wa mshazari ulipanda juu zaidi, na pale nikalipata: nusu ya goti. Juu ya nusu hiyo kilibaki kipande cha mti cha upana wa vidole viwili, na kwenye kipande hicho kulikuwa na kijiti. Kilikuwa chembamba, urefu wa mkono wangu, kimejibanza kivulini chini ya wale wakubwa, hakina ua wala tunda. Nadhani Baba hakuwahi hata kukiona. Nikachuma jani lake moja, na jani moja la juu, nikayaweka pamoja kwenye paja.

Hayakuwa ndugu. Jani la juu lilikuwa na jani jingine dogo kwenye shingo yake, kama limebeba mtoto. La kijiti shingo yake ilikuwa tupu. Nikasaga moja moja, nikanusa. La juu lilinuka kali, likanijaza mate mdomoni. La kijiti lilinuka chungwa, chungwa kabisa, la sokoni, la sikukuu. Yale matatu ya mwanzo yalikuwa matamu kweli. Mwenye utamu alikuwa bado yuko hai, na amekaa gizani miaka yote ile!

Usiku ule sikumwambia mtu, maana niliogopa Ambakisye atacheka. Jumamosi asubuhi Baba akatokea na shoka, amekunja mikono ya shati. Akanikuta nimeketi shinani, miguu nimeizungusha kwenye mti.

"Gwe Sekela, toka hapo."

"Baba, ngoja kwanza unuse."

"Ninuse nini? Toka, utaumia."

"Nusa hili," nikasema. "Halafu nusa hili."

Sikucheka na sikulia. Nadhani ni ule uso wangu wa kununa ndio uliomfanya aache kubisha. Akaliweka shoka chini, akayachukua majani, akanusa moja, akanusa la pili, akarudia la kwanza. Nikamwonyesha ile shingo iliyobeba mtoto na shingo tupu. Nikamvuta mkono akapiga magoti, nikamwonyesha kijiti, nikamwonyesha nusu ya goti, nikamwonyesha msumeno ulipopita. "Mama wa Ipogolo alisema wamo wawili. Wa juu ndiye uliyemkata. Huyu anayezaa ni wa chini."

Baba akapitisha kidole gumba kwenye mkato ule polepole. Mkato ulikuwa safi, wa fundi, wa mshazari kama alivyofundishwa na baba yake.

"Mkahawa ni mmoja," akasema, wala hakuwa anasema na mimi. "Kuanzia mzizi mpaka juu ni yule yule. Hata ukimkata wapi, anarudi yule yule." Kisha akanitazama. "Nani kakufundisha haya?"

"Hakuna. Nimeangalia."

Akashusha pumzi. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mti huu nimeuharibu mimi."

Mama na Ambakisye walikuwa wamesimama mlangoni wanasikia. Nilingoja Ambakisye acheke, hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshikilia neno moja tu alilolisema Baba. Ni yeye, basi si mimi. Nikaangua kilio pale pale, kwa sauti, makamasi yanatoka, na Baba akadhani nimechomwa na mwiba akawa ananikagua miguu.

Wengine wangeishia hapo. Baba alirudisha shoka la watu, akavaa koti lake la kanisani, akanishika mkono tukashuka tena Ipogolo kwa miguu. Wateja walikuwepo, tena wengi kuliko siku ile, nikadhani atangoja waondoke. Hakungoja. Alivua kofia. "Mama," akasema, "juzi nilikuita tapeli mbele za watu. Leo nimekuja mbele za watu. Niliukata mchungwa wako kama mkahawa. Tapeli ni mimi na msumeno wangu."

Mama Vumilia akaanza kutikisika, na ilikuwa kicheko. "Lo, watu wa kahawa!" akasema. "Umejuaje?"

Baba akanisukuma mbele. "Huyu hapa. Muulize huyu."

Nikayatoa yale majani mawili kwenye mfuko wa gauni, yameshanyauka. Mama Vumilia hakuhitaji kuyanusa. Alininusa mimi vidole, akasema, "Nitakuja kumpachika wa juu kwenye matawi ya wa chini, na wewe utafunga nami."

Ila hakuja mara moja. Alisema ganda la mti halifunguki wakati wa kiangazi, tungoje mvua. Miezi ile nilikilea kile kijiti. Baba alikata tawi moja lililokuwa linakinyima jua, akakijengea uzio wa matofali mabovu kuku wasikifikie, na alikuwa akitoka kazini anapita kwanza pale kabla ya kuingia ndani. Mvua zilipokolea Mama Vumilia akapanda Kihesa na kisu chake na vipande vya nailoni. Alichukua vijicho vinne vya kuchipua kutoka kwenye kijiti changu, kila kimoja kidogo kama punje ya mpunga yenye ganda. Akachana matawi yale ya danzi, akapachika kijicho cha kwanza, cha pili, cha tatu, akafunga. Cha nne akanipa mimi. Yeye akanishika kiwiko tu, kisu nilikishika mwenyewe.

Tulingoja wiki tatu. Siku ya kufungua, vyake viwili vilikuwa kijani, cha tatu kimekauka. Cha kwangu kilikuwa kijani, kimevimba, kiko tayari kuchomoza. "Mh!" akasema Mama Vumilia, akakiinamia kukitazama vizuri. "Mimi cha kwangu cha kwanza kilikufa. Na cha pili. Na cha tatu." Nimepata vyeti kadhaa tangu siku hiyo. Sasa nafanya kazi ya maabara hapa Mbeya, kazi ya kuendelea kuangalia pale ambapo watu wengine wameshaamua. Lakini hakuna cheti kilichonipa kile nilichokisikia kifuani pale.

Vijicho viliposhika, Mama Vumilia akataka kuondoa matawi yote ya danzi yaliyobaki. Baba akamzuia. Alionyesha tawi moja la upande wa ukuta. "Hilo liacheni," akasema. "Hilo ni langu." Tulidhani anatania. Mama Vumilia akamwonya kwamba litamsumbua, itabidi alipunguze kila mwaka lisizidi nguvu, na Baba akasema atalipunguza. Analipunguza hadi leo.

Miaka mitatu baadaye Shangazi alikuja tena. Baba akammenyea. Safari hii Shangazi alinusa kwanza, akauma kidogo, akatafuna. Akala lote. Akala na la pili. Alipofungua mdomo kusema, nikamwahi, nimekunja uso vile vile. "Shangazi, umemfuata mwenye kitovu." Alinitazama, akakumbuka, akajipiga kifuani kwa kicheko na kunivuta nikaangukia mapajani mwake. "Ndaga, mwanangu," akaniambia sikioni. "Ndaga fijo, asante sana. Nisamehe."

Lakini chungwa ninalolikumbuka kuliko yote sikulila. Nilikuwa mtu mzima tayari, na wakwe zangu wa leo walikuwa wamekuja Kihesa kuleta posa. Wazee wanne na mshenga wao, wametoka huku Mbeya, wamevaa makoti na joto lile. Mimi, kama desturi, nilikuwa nimefichwa jikoni, nachungulia kwenye upenyo wa mlango. Mshenga alikuwa ameshaanza maneno yake mazuri kuhusu ua walilolisikia sifa zake. Baba akamwomba asubiri kidogo. Akatoka nje, akarudi na sinia, akawagawia kila mmoja kipande.

Wakala kwa adabu. Nikaona jicho la mshenga linafumba, moja, halafu la pili. Mzee mmoja alikimeza kizima kizima ili kimalizike. Hakuna aliyethubutu kutema kwenye nyumba ya watu.

"Hilo nimelizaa mimi," Baba akasema, "kwa kujifanya najua." Kisha akawagawia kipande cha pili, akawangoja watafune, akawaangalia nyuso zinavyofunguka. "Na hili kalizaa binti yangu, akiwa na miaka kumi, kwa kuangalia tu. Wala hacheki ovyo, hilo mlijue mapema." Akaketi, akaweka sinia chini. "Haya. Sasa semeni, mlikuwa mnamtaka nani?"

Nyuma ya ule mlango wa jikoni nilikuwa nimeuma upindo wa khanga, nacheka meno yote nje.